Mchezo wa Simu na Vidonge vya Kila Siku

Kijana mwenye virusi vya UKIMWI humeza dawa kila siku. Akiacha, virusi huongezeka mwilini. Lakini vijana husahau. Wengine huona haya mbele ya wenzao.

Huko Mississippi, Marekani, watafiti waliwapa vijana mchezo wa simu. Unaitwa BattleViro. Mchezaji huingia ndani ya mwili na kupigana na virusi. Hapo hujifunza kazi ya dawa.

Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Kati ya vijana waliokuwa wanaanza dawa, waliocheza mchezo huo walipungukiwa virusi zaidi kuliko wenzao waliopewa mchezo mwingine.

Ndugu msomaji, mchezo si dawa. Ni ukumbusho tu. Hata mzazi asiye na simu anaweza kumkumbusha mwanawe. Muulize kwa upole: "Mwanangu, umemeza dawa leo?"