Hewa Iliyomo Kwenye Kikombe cha Zabibu

Kikombe kimoja cha zabibu kavu kina gramu ngapi? Jedwali la Idara ya Kilimo ya Marekani linajibu 145, kwa zabibu zisizo na mbegu zilizomiminwa tu. Jedwali hilohilo linaongeza kwamba ukizishindilia, kikombe kitabeba gramu 165. Zabibu ni zilezile. Kilichopungua ni hewa kati yake.

Hewa hiyo unaweza kuikadiria bila maabara. Kikombe cha Kimarekani huchukua mililita 237. Zabibu kavu huzama majini, maana yake gramu moja yake haichukui nafasi ya mililita nzima. Basi gramu 145 haziwezi kujaza hata mililita 145. Zinazobaki, mililita 92 na ushei, ni hewa tupu: zaidi ya theluthi ya kikombe, na hapo tumekadiria kwa uchache.

Vitu vya mviringo kama gololi, vikimiminwa ovyo na kutikiswa, hujaza takriban asilimia 64 ya chombo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walitumia pipi za M&M's, ambazo ni bapa kidogo, wakapata karibu asilimia 68. Kitu bapa hugeuka-geuka hadi kipate pa kulala. Zabibu nayo ni bapa, lakini mikunjo yake husuguana na sukari yake hunata, kwa hiyo punje hushikana zikiwa bado juu, na chini yake hubaki pango. Tende zilizokatwa zina tabia hiyo hata zaidi. Zinyunyizie unga kidogo uone zinavyoteleza na kushuka.

Wengi hudhani kwamba kukata vipande vidogo kunaondoa hewa. Si lazima. Vipande vidogo vyenye umbo lilelile huacha mianya midogo lakini mingi, na jumla yake haipungui. Faida ya kukata iko pembeni, kwenye ukuta wa kikombe, ambako tunda kubwa haliwezi kukaa bila kuacha uwazi. Ndiyo sababu siamini namba moja ya "matunda makavu" kwa jumla. Katika jedwali lile, kikombe cha nusu za aprikoti ni gramu 130, cha tende zilizokatwa 147, cha plamu kavu zisizo na kokwa 174.

Na kikombe chenyewe? Vitabu vya Australia hutumia cha mililita 250. Shindilia zabibu humo utapata kama gramu 174, yaani asilimia 20 zaidi ya zile 145 za mwanzo. Katika keki, hizo si chache.

Waislamu wa pwani wanalijua tatizo hili kwa mlango mwingine. Zakatul-fitri, zaka ya chakula ya mwisho wa Ramadhani, iliwekwa kwa ujazo: pishi moja ya tende, shayiri au zabibu kavu, na pishi ni vibaba vinne. Leo inatangazwa kwa kilo, na wanazuoni hutaja kuanzia kilo 2 na kidogo hadi 3 na zaidi. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kifiqhi, kwani pishi ya Wahanafi ni kubwa kuliko ya madhehebu mengine. Sehemu nyingine ni hii hii ya zabibu: pishi moja ya vyakula viwili haina uzito mmoja.

Asiye na mizani atumie pakiti. Ile iliyoandikwa gramu 250, imimine kwenye kikombe chako mwenyewe, kipimo cha mfuto, bila kushindilia, uone inajaza vikombe vingapi. Hiyo ndiyo namba ya jikoni kwako, kwa zabibu za aina hiyo. Na upime kabla ya kuloweka, kwa sababu zabibu iliyokunywa maji huongezeka uzito bila kuongeza sukari hata chembe.