Mrenda: Mboga Niliyoiita ya Kamasi Hadi Binti Yangu Alipoila kwa Jirani

Binti yangu wa miaka 14 alikuwa akilalamika kizunguzungu kila akirudi shule. Tukampeleka akapimwa, tukaambiwa ana upungufu wa damu. Muuguzi akampa vidonge vya madini ya chuma na kumsisitizia ale mboga za majani. Vidonge havikuwa na taabu. Taabu ilikuwa mboga. Mtoto huyu sukuma wiki haitaki, mchicha anausogeza kando ya sahani, na kisamvu anakila siku mamake akikitia tui zito tu, siku ambayo nazi haijapanda bei.

Sasa jioni moja naenda kumwita nyumba ya pili, kwa jirani yetu, mama mmoja mwenyeji wa Busia, namkuta ameketi na wenzake kwenye jamvi. Mkononi ana tonge la sima, analichovya kwenye bakuli la kitu kijani kinachovutika kama ute wa yai. Anakula kwa raha zake. Kutazama vizuri, ni mrenda. Kwa miaka yote niliyoiona mboga hiyo soko la Kongowea nimekuwa nikiiita mboga ya kamasi, na kwetu nyumbani jina hilo watoto wamelisikia kinywani mwangu. Binti yangu akainua macho, akaniona, akaangua kicheko mbele ya wenyeji wake. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke.

Nikaamua niipike mwenyewe. Nisingeweza kuendelea kumtuma mtoto kula kwa watu ilhali mimi nimeikataza kwa dharau tu.

Kongowea wauzaji wengi huiita mrenda. Ukiagiza kwa Mjaluo utasikia apoth, na kwa Waluhya wengine murere. Kiswahili cha kamusi ni mlenda. Jirani alinifundisha kuitambua: jani ni jembamba, kingo zake zina meno kama msumeno mdogo, na pale jani linapoungana na kikonyo pana vinyuzi viwili vimejitokeza kama masharubu ya kambare. Ukiviona hivyo viwili, hujakosea. Alinionya pia nisinunue iliyokomaa ikaanza kufunga maganda ya mbegu, na hapo ana haki, kwani mbegu za mmea huu zina sumu inayoathiri moyo. Kinacholiwa ni majani na vichipukizi laini. Nikanunua mafungu mawili ya shilingi 20.

Jaribio la kwanza lilikuwa msiba. Nilifanya kama tunavyofanya kunde: maji mengi, kifuniko juu, moto, mimi huyo nikaenda kuswali. Kurudi, majani yamezama chini, rangi imekuwa ya matope, juu pamebaki maji ya kijani yanayonata. Mke wangu alitazama sufuria, hakusema neno, akatoa mayai.

Jirani alipousikia mkasa wangu alicheka sana, kisha akanieleza. Kwao mrenda huchambuliwa na kukatwa mdogo mdogo, maji huwa kidogo na hutangulia kuchemka ndipo mboga itiwe, na sufuria haifunikwi. Hutiwa magadi kidogo, au maji yaliyochujwa kwenye majivu ya mimea, ili majani yalainike upesi na yabaki kijani. Mara nyingi huchanganywa na majani ya kunde ili ute upungue. Dakika chache tu, ukikoroga, basi.

Nikapiga picha ya lile bakuli la pili, nikamtumia dada yangu ambaye aliwahi kufanya kazi za nyumbani Jeddah kwa miaka mingi. Nilitaka tucheke pamoja. Jibu lake la sauti lilikuja hapo hapo: "Kaka, hii si mulukhia? Nimeipika mimi mpaka mikono ikawa kijani. Hiyo ni mboga ya wenyewe!"

Nikatafuta, nikakuta amesema kweli. Mrenda wa mama wa Busia na mulukhia wa Misri na Saudia ni mmea mmoja, ambao wataalamu huuita Corchorus olitorius. Kule Misri ni chakula cha heshima, na wapo wanaosema jina lake limetokana na neno la Kiarabu la wafalme. Cairo ina kisa chake pia. Khalifa al-Hakim wa utawala wa Fatimiya, aliyetawala kuanzia 996 hadi 1021, aliipiga marufuku, na sababu inayosimuliwa ni kwamba ilikuwa mboga aliyoipenda Muawiya, ambaye watawala hao walimchukia. Mimi niliipiga marufuku nyumbani kwangu bila hata sababu ya siasa.

Na kuna jambo jingine lililonichekesha zaidi. Magunia yale ya kamba yaliyopita bandarini kwetu vizazi na vizazi, ya kahawa na nafaka, yametokana na nyuzi za shina la mmea huu na ndugu yake, hasa wanaolimwa Bangladeshi na India. Ukiuacha ukakua mrefu ukomae, shina lake huloweshwa na kutolewa jute. Ukiuchuma mchanga, ni kitoweo.

Kuhusu huo ute, sisi watu wa Pwani hatuna la kusema. Bamia tunakula, tena tunaisifu. Bamia, mrenda na hata mbuyu ni wa ukoo mmoja wa mimea. Aliyekulia Mombasa akinyonya mabuyu mekundu hadi ulimi ukabadilika rangi, kisha akamcheka mtu kwa mrenda, amecheka jamaa wa mbuyu wake.

Dada yangu alinielekeza kwa simu, na hivi ndivyo tunavyoipika sasa. Chambua majani uache vijiti, uyaoshe kabla ya kukata, uyaache yachuje maji. Ukikata kwanza ndipo uoshe, ute utaungana na maji nawe utapigana na kisu. Yakate mapana, kisha uyarudierudie mpaka yawe kama dania ya kachumbari. Wenzetu wa Misri wana kisu maalumu cha mviringo chenye mishikio miwili, lakini kisu cha kawaida kinatosha. Chemsha supu ya kuku iliyokolea chumvi, tia majani, koroga, usifunike. Yakianza kutokota punguza moto. Ukiyachemsha sana yatazama kama yangu ya siku ile.

Pembeni, weka samli kwenye kikaango, tia thomu iliyopondwa, punje sita au zaidi, na kijiko cha giligilani iliyosagwa. Ikipiga rangi ya dhahabu na harufu ikatoka hadi kibarazani, imimine yote kwa mpigo juu ya mboga. Epua. Kamua ndimu. Kula na wali.

Hiyo ndimu si ya ladha peke yake. Chuma kilichomo kwenye majani hakichukuliwi na mwili kwa wepesi kama cha nyama na samaki. Vitamini C husaidia kukichukua, na chai huzuia. Kwetu chai hufuata chakula kama kivuli, kwa hiyo tumeisogeza mbele saa moja na zaidi, jambo lililozua manung'uniko kuliko hiyo mrenda yenyewe. Magadi nayo huharibu baadhi ya vitamini, kwa hiyo nimeyaacha. Kwa njia hii ya supu hayahitajiki. Lakini vidonge binti yangu anaendelea navyo kama alivyoandikiwa. Asije mtu akaachisha mwanawe dawa kwa kuwa amesoma safu hii.

Nimejaribu pia ya kwetu: nusu mrenda, nusu majani ya kunde, tui la pili kwanza, la kwanza mwishoni, na pilipili moja nzima ikielea. Hiyo ndiyo mke wangu anayoipenda, na ndiyo inayoisha. Ya nazi tupu bila kunde sikuipenda. Ute na tui pamoja ni mzito mno.

Juzi tulikuwa na bakuli la jirani, na bakuli la mtu halirudishwi tupu. Binti yangu akalijaza mulukhia, lile la thomu na samli, akavuka nalo. Alirudi na jibu: mama amesema ni tamu, lakini baba ameipika kama supu ya mgonjwa, aende Jumamosi akafundishwe tena. Na aende na kunde.