Distribyuta mpya, kigugumizi kipya

Msomaji wa Tanga anatuuliza kuhusu Volkswagen Beetle 1600 aliyopewa na mjomba wake. Fundi amemfungia distribyuta ya Bosch aina ya 009, ile isiyo na kikopo cha vakyumu ubavuni. Gari linawaka, na likishashika kasi linavuta vizuri. Tatizo ni anapoanza kukanyaga mafuta: linashikwa na kigugumizi, ndipo liondoke. Je, kabureta imechoka?

Hapana, na hata fundi hakukosea kuifunga. Ulimi wa shafti ya distribyuta hiyo umekaa upande kidogo, si katikati, kwa hiyo huingia kwa namna moja tu. Habari za koili na kugawa umeme kwa plagi nne naziruka, zinachosha. Utamu uko chini ya sahani ya pointi.

Moto ndani ya silinda haulipuki papo hapo, unatambaa. Tuseme unahitaji milisekunde 2. Injini ikizunguka mara 900 kwa dakika, katika muda huo krenkshafti inageuka nyuzi 11 hivi. Kwenye mizunguko 3,000 inageuka nyuzi 36. Ni sawa na mpishi anayetaka wali uive mgeni anapovuka kizingiti. Wali unachukua muda uleule, mgeni ndiye anayebadilika. Akija kwa miguu, washa jiko akiwa nyumba ya pili. Akija kwa bodaboda, washa akiwa bado kule barabarani, la sivyo atakuta maji ndiyo kwanza yanachemka. Na ukiwahisha mno, wali unaiva mgeni hajafika; kwenye injini, hapo ndipo pistoni inayopanda inapokutana na moto unaoishindilia chini, na chuma kinagonga.

Kuwahisha huko mafundi wanakuita advansi. Mimi napenda “utangulizi wa cheche”, ingawa najua gereji nzima itanicheka. Anayeupima utangulizi huo ni vyuma viwili vidogo vilivyoshikwa na springi nyembamba. Shafti ikienda taratibu, springi zinavibana ndani. Kasi ikipanda vinatupwa nje, na vikitoka vinaisukuma kemu mbele kuelekea inakozunguka, hivyo pointi zinafunguka mapema zaidi. Hakuna waya wala kompyuta, na hesabu inafanyika maelfu ya mara kwa dakika ndani ya kitu kinachoenea kiganjani. Fungua kifuniko, ishike rota uizungushe kidogo kwa vidole kisha uiachie: ikirudi yenyewe, springi ziko hai. Ikibaki ilipo, kuna kutu au grisi iliyoganda.

Ila vyuma hivyo vinajua kasi tu, havijui mguu wako. Ukikanyaga mafuta kidogo, mchanganyiko ndani ya silinda bado ni hafifu na unawaka polepole, ni jiko lenye mkaa haba. Lingetakiwa kuwashwa mapema zaidi. Kikopo cha vakyumu kingelihisi hilo kupitia mpira wake kwenye kabureta na kuongeza utangulizi mara moja. Aina ya 009 inangoja kasi ipande kwanza. Kile kigugumizi ndicho kungoja kwenyewe.

Mafundi wengi hukifunika kwa kuongeza petroli ya pampu ya kabureta. Inasaidia, na inanywa mafuta. Dawa hasa ni distribyuta yenye vyote viwili, vyuma na kikopo. Msomaji akibaki na 009, azibe tundu la mpira wa zamani kwenye kabureta lisivute hewa, kisha taimingi ipimwe kwa taa injini ikizunguka zaidi ya mara 3,000: nyuzi 28 hadi 32, si zaidi.

Na kuna silinda ya 3. Kwenye injini za zamani kipoza mafuta kiliizibia hewa, ikawa inapata joto kuliko wenzake, hivyo distribyuta nyingi za kiwandani zilichongwa kemu inayoichelewesha cheche yake kidogo. Kipoza kilihamishwa kwenye modeli za 1971. 009 haina upendeleo huo, inazipa silinda zote sawa. Kama injini ya mjomba ni ya kabla ya hapo, na kwenye kona za kupanda Lushoto ikaanza kugonga, rudisha taimingi nyuzi 2 au 3 kabla ya kuilaumu petroli.