Sukari, Vinka na Watoto wa Mara

Kati ya mwaka 1977 na 1982, katika wilaya ya Mara Kaskazini, ambayo leo ni Tarime na Rorya, watoto waligawiwa vidonge vya klorokwini ili ichunguzwe kama kupunguza malaria kutapunguza pia saratani ya Burkitt, ile ivimbishayo taya. Moja ya dawa zitumikazo hata leo kuitibu saratani hiyo ni vinkristini, itokayo katika vinka, ua lenye asili ya Bukini ambalo watu wengi hulipanda mbele ya nyumba kwa pambo tu.

Majani ya vinka ni bahili. Mamia ya kilo ya majani makavu hutoa gramu moja tu ya dawa. Ndiyo maana wataalamu walitamani kuziotesha chembe hai za mmea huo ndani ya chupa, pasipo shamba. Kwa kuwa chembe hizo hazina jani la kupokea jua, hulishwa sukari, ile ile tuitiayo katika chai, kwa kawaida gramu 20 au 30 kwa lita.

Mwaka 1980, huko Ujerumani Magharibi, Knobloch na Berlin walizihamishia chembe za vinka katika maji yenye sukari gramu 80 kwa lita, yasiyo na naitrojeni wala fosfati. Zikaacha kuzaana, zikaanza kujaza alkaloidi. Mkulima wa Tarime ajuaye kwamba mbolea nyingi huweza kuleta majani mengi na matunda haba hatastaajabu sana.

Hata hivyo, vinkristini yenyewe haikupatikana kwa kiasi cha maana. Nusu yake moja, vindolini, hutengenezwa na chembe za jani lililokamilika, na sukari haiifundishi chembe ya chupani kuwa jani. Mwaka 2022 wataalamu walifaulu kuitengeneza vindolini kwa njia nyingine, ndani ya hamira, ambayo nayo hula sukari.

Basi viongozi wetu wakiletewa maombi ya fedha za maabara ya namna hii, hawana budi kuuliza kwanza ni dawa ipi chembe hizo zimekwisha kuitoa, kabla ya kuhesabu magunia ya sukari. Mtoto wa Mugumu, au wa kisiwa cha Ukara, aliyevimba taya haingoji hamira. Anahitaji nauli ya kufika Bugando, Mwanza, na aikute vinkristini rafuni.