Wapo Sokoni, Hawapo Mahakamani

Februari 2023, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi jijini Nairobi ilitoa jibu kwa swali ambalo kwa mfanyabiashara wa soko la Gikomba anayelipia matangazo Facebook lingekuwa kichekesho: je, Meta, kampuni mama ya Facebook, inaweza kushtakiwa Kenya? Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini, alikuwa ameajiriwa na kampuni ya Sama, mkandarasi wa Meta, kuchuja maudhui ya Facebook. Kazi yenyewe ni kutazama video za mauaji, ubakaji na mateso, na kuamua upesi ipi ibaki na ipi iondolewe. Mwaka 2022 alizishtaki Sama na Meta. Meta ikajibu kwamba ni kampuni ya kigeni, si mkazi wa Kenya wala haifanyi biashara humo, hivyo mahakama haina mamlaka juu yake. Jaji Jacob Gakeri alikataa hoja hiyo, na Mahakama ya Rufaa nayo ikaitupilia mbali Septemba 2024. Zaidi ya miaka miwili ilikuwa imepita kwa kubishania mlango tu. Kama wafanyakazi walidhulumiwa au la, hilo lilikuwa bado halijaamuliwa.

Nguvu za kisiasa za kampuni kubwa za teknolojia kama Meta tumezoea kuzitafuta kwenye uchaguzi na propaganda. Mimi naziona zaidi hapa, katika uwezo wa kuwa kila mahali fedha inapopatikana na kutokuwapo popote sheria inapobisha hodi. Mwananchi wa kawaida hachagui sheria ipi imfikie. Tena kampuni haihitaji kuomba upendeleo huo, kwa kuwa serikali huutoa zenyewe. Mwaka 2024 ulipendekezwa nchini Kenya mswada wa marekebisho ya sheria za biashara, ambao ungemwelekeza mlalamikaji kumshtaki mkandarasi badala ya kampuni iliyomtuma. Desemba mwaka huo Rais William Ruto aliihakikishia hadharani sekta ya kazi za kidijitali kwamba haitapelekwa tena mahakamani.

Watetezi wa msimamo huo wana hoja nzito. Vijana wanahitaji ajira, na kampuni ikibanwa huhama. Ni kweli. Januari 2023 Sama ilitangaza kuachana na kazi ya kuchuja maudhui, watu 260 hivi wakapoteza ajira, na baadaye kazi ya namna hiyo ikawa inafanyika Ghana. Lakini hoja hiyo inathibitisha ninachokisema: anayeweza kuitishia nchi kwa kufunga virago tu ana turufu ambayo hakuna mpiga kura aliyempa. Na nchi ikishusha ulinzi wa wafanyakazi ili kumbakiza, jirani atashusha zaidi, na mchezo huo hauna mshindi upande wetu.

Ulaya imeonyesha njia. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya inaitaka kampuni isiyo na ofisi huko kuteua mwakilishi wa kisheria anayeweza kuwajibishwa, na faini inaweza kufikia asilimia 6 ya mapato yake ya mwaka duniani kote. Kampuni hazikuhama, maana soko la nchi 27 halisuswi kirahisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi 8, na Bunge lake linalokaa Arusha lina mamlaka ya kutunga sheria kwa Jumuiya nzima. Wabunge hao waulizwe: sharti la mwakilishi kama huyo litawasilishwa lini?