Ukoko au Utando? Utambuzi wa Mabaki Sugu kwenye Vigae vya Bwawa la Ndani katika Mazingira ya Maji ya Mlima Meru

1.0 Utangulizi
Mstari mweupe unaojitokeza kwenye vigae vya bwawa la kuogelea, hasa kwenye usawa wa maji, kwa kawaida huitwa uchafu. Jina hilo huelekeza tiba: kusugua kwa nguvu, na hilo likishindikana, kumwaga asidi. Makala haya yanafafanua kwamba mabaki hayo si ya aina moja, na kwamba kuyatambua kabla ya kuyaondoa hulinda vigae pamoja na afya ya wahudumu na waogeleaji.

2.0 Chanzo cha mabaki
Jiji la Arusha, ikiwamo kata ya Engutoto, limo katika ukanda wa miamba ya volkano ya Mlima Meru. Maji ya chini ya ardhi ya ukanda huu aghalabu huwa na sodiamu, bikabonati na floridi nyingi, lakini kalsiamu kidogo. Mfano wa maji ya aina hii yaliyokolea ni maziwa ya Momella, ambayo ni ya magadi.

Wenyeji wengi huihusisha floridi na meno ya kahawia, hivyo ni rahisi kuilaumu pia kwa weupe wa vigae. Hata hivyo, ukoko wa bwawani kwa kawaida ni kabonati ya kalsiamu. Swali linalofuata ni hili: kalsiamu hiyo hutoka wapi, ikiwa maji yenyewe yana kidogo? Chanzo kimoja ni klorini ya unga, yaani haipokloriti ya kalsiamu. Kila inapotiwa, huongeza kalsiamu na kupandisha pH. Kalsiamu hiyo ikikutana na bikabonati nyingi, chokaa hujitenga na maji na kuganda. Saruji iliyo kati ya vigae nayo huweza kutoa kalsiamu. Katika bwawa la ndani, joto huharakisha mchakato huu, na hakuna mvua ya kupunguza ukolevu wa chumvi zinazobaki maji yanapovukizwa.

3.0 Utambuzi
Tone la siki kwenye sehemu ndogo iliyokauka hutoa jibu la awali. Likitoa mapovu, huo ni ukoko wa kabonati. Lisipotoa mapovu na mabaki yakateleza kidoleni, huo ni utando wa mafuta ya mwili, losheni na vijidudu. Huondolewa kwa sabuni yenye alkali na brashi, si kwa asidi. Mabaki magumu yasiyotoa mapovu wala kuteleza huweza kuwa ya silika, ambayo ni ya kawaida katika maji ya volkano. Asidi za kawaida haziyayeyushi. Hukwanguliwa taratibu kwa jiwe laini la kusugulia.

4.0 Uondoaji na kinga
Ukoko wa kabonati huyeyushwa kwa asidi hafifu, baada ya kushusha maji chini ya mstari wake. Asidi kali hula saruji ya kati ya vigae na kufubaza kigae. Jambo la hatari zaidi ni kuchanganya asidi na klorini: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huumiza mapafu, na ndani ya jengo lililofungwa huweza kuua. Kwa hiyo dawa hizo zihifadhiwe mbalimbali, vyombo vyake visibadilishane, madirisha yafunguliwe, na asidi itiwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Kinga ya kudumu ni kupima maji mara kwa mara. pH ibaki kati ya 7.2 na 7.8. Kuongeza maji mapya ya eneo hilo peke yake hakutoshi, kwa kuwa nayo huleta bikabonati. Bikabonati hupunguzwa kwa asidi inayotiwa kidogokidogo wakati pampu inafanya kazi na bwawa halina watu. Pale inapowezekana, klorini ya maji, yaani haipokloriti ya sodiamu, itumike badala ya ya unga. Nayo hupandisha pH, lakini haiongezi kalsiamu.

5.0 Hitimisho
Brashi huondoa ukoko wa jana. Vipimo vya maji huzuia wa kesho. Msimamizi anayetenga ukoko na utando kwa majina yake hutumia asidi pale tu inapohitajika, na kwa kufanya hivyo humpunguzia mhudumu wake hatari isiyo ya lazima.