UKIAJIRI VIBARUA, EPUKA KESI

Wapo kati yetu wanaojiandaa kurudi Nyanza-Lac kwenye michikichi na mitumbwi. Huko wengine wataajiri vibarua. Ugomvi huanza pale mapatano yalipokuwa ya mdomo tu, halafu mtu akaumia.

Nchini Burundi, sheria ya kazi ya tarehe 24 Novemba 2020 ndiyo inayotumika. Mfanyakazi aliyedhulumiwa huenda kwa mkaguzi wa kazi ili wapatanishwe. Wasipopatana, kesi hufika mahakama ya kazi. Ili msifike huko:

1. Andikeni mapatano: kazi gani, malipo kiasi gani, siku gani. Wavuvi wanaogawana dagaa waandike nani anatoa mafuta ya injini.
2. Lipa mbele ya shahidi. Apokeaye atie sahihi au dole gumba.
3. Mkata ngazi apewe kamba nzima, mchemsha mawese apewe viatu, mvuvi jaketi la kuokoa maisha.
4. Akiumia, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Andika saa na jinsi ilivyotokea. Mwandikishe INSS mapema, kwa kuwa ndiyo inayolipia ajali za kazini.
5. Usiajiri mtoto wa chini ya miaka 16.

Nawe kibarua, tunza nakala yako. Karatasi moja inawalinda wote wawili.